Mto una malalo yake: tuliyojifunza kwenye kijito chetu cha Tabata

Kijito kinachopita nyuma ya nyumba yangu hakina jina kwenye ramani yoyote niliyowahi kuonyeshwa. Kinashuka kutoka juu, kinapenya katikati ya nyumba za watu, kinaingia mto Msimbazi. Sisi wa mtaani tulikuwa tunakiita mtaro. Nimekaa Tabata, Dar es Salaam, miaka ishirini na miwili na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nami nilikiita hivyohivyo. Nikikumbuka leo, karibu kila tulichokosea kilianzia kwenye jina hilo. Mtaro kazi yake ni kupitisha maji yaende zake. Ukiziba unazibuliwa, ukijaa unachimbwa. Tukautendea mto kama mtaro, na tukalipia.

Mimi ni mhazini wa kikundi chetu. Tulianza kama VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, cha akina mama kumi na wanane, mambo ya kijito yakaja baadaye. Kwa hiyo pesa nitakazozitaja hapa nazitoa kwenye daftari, sizikadirii. Naandika kwa sababu mitaa mingi ya bondeni inafanya sasa hivi tulichokifanya sisi mwaka 2019, na inaumiza kuona watu wanachangishana elfu kumi kumi kwa ajili ya jambo litakalowarudia.

Aprili 2018 ndiyo iliyotuamsha. Usiku ule maji hayakuja kwa kishindo. Nilishtushwa na mtungi wa gesi uliokuwa ukielea jikoni na kugonga mlango, ngo, ngo, ngo, nikadhani kuna mtu anabisha hodi. Niliposhusha miguu kitandani nikakanyaga maji. Tulitoka na wanangu wawili na bahasha ya vyeti, basi. Asubuhi mstari wa tope ukutani ulikuwa usawa wa kitasa cha mlango. Na maji yale hayakuwa ya mvua peke yake. Anayeishi kando ya mito ya Dar anajua: mvua kubwa ikianza, kuna watu hutapisha vyoo vyao. Nilisugua ukuta kwa sabuni na jiki siku nne na harufu haikuisha mpaka nilipobandua lipu na kupiga upya.

Tukaanza na usafi, kama wanavyoanza wote. Jumamosi mbili, viroba 340 vya taka: chupa za plastiki, pampasi, magodoro, mabaki ya vitambaa vya mafundi cherehani. Wiki ya tatu kijito kilikuwa kimejaa tena kama hatukugusa kitu, kwa sababu hatukuwa tumeongea na mtu hata mmoja wa huko juu yanakotoka. Kisha tukapanda miti. Tulinunua miche 300 ya mwarobaini kwa shilingi 1,000 mmoja, tukaipanda kingoni na kwenye tambarare yote ya chini, watoto wa shule wakaja kumwagilia. Vuli ilipokuja, maji yakasimama pale chini wiki nzima. Majani yakageuka manjano, mizizi ikaoza, na kufikia Januari ilikuwa imebaki miche isiyofika 40, yote ya sehemu ya juu. Mwarobaini ni mti wa nchi kavu. Hauvumilii kusimama majini. Mtu yeyote aliyelelewa shamba angetuambia, na kumbe mtu huyo tulikuwa naye palepale bondeni akilima mchicha, hatukumuuliza.

Nitakuja kwake.

Kosa kubwa lilikuwa la 2019. Kijito chetu kilikuwa kinajipinda mara tatu kabla ya kufika kwenye kalavati la barabara. Kwenye kila pindo taka zinanasa, mchanga unajaa, maji yanapanda. Hoja ikatolewa kwenye kikao, na mimi ni mmoja wa walioishangilia: tukodi kijiko, ile mashine ya kuchimba, tunyooshe, tuchimbe kina, maji yapite haraka yaende. Ilikuwa inaingia akilini. Tulichangishana kaya 64, tukaongeza na akiba ya VICOBA, jumla shilingi 5,600,000. Kijiko kikafanya kazi siku tano mwezi wa pili. Udongo wote uliochimbwa tuliurundika kingoni pande zote mbili kama tuta, tukijua tumejenga na ukuta wa bure. Vibali? Tulikuwa na ruhusa ya mdomo ya viongozi wa mtaa. Tulipiga picha. Kijito kimenyooka kama rula, na mimi nilitazama picha zile usiku nikalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mafuriko.

Masika yalipokuja, maji kweli yalipita haraka. Yalipita kwa nguvu ambayo hatukuwahi kuiona. Kijito kilianza kujichimba chenyewe chini, kingo zikabaki zimesimama wima kama ukuta wa kisima, halafu zikaanza kumeguka, leo nusu mita, kesho mita nzima, pamoja na lile tuta letu. Vyoo viwili vya majirani vilining'inia hewani, kimoja kikaanguka. Na maji yote ambayo zamani yalikuwa yanachelewachelewa kwetu sasa yalifika kwa pamoja kwa wenzetu wa chini ya kalavati. Nyumba sita zilizokuwa hazijawahi kuingiwa na maji ziliingiwa mwezi wa tano mwaka ule.

Nilikwenda kuwapa pole. Mama mmoja mpangaji, mwenye mtoto mchanga mgongoni, alikuwa ameanika godoro juu ya matofali. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Dada, nyie kule juu mmefanya nini?" Nilishindwa kumjibu. Nilirudi nyumbani nikakaa barazani mpaka giza likaingia. Tulikuwa tumechukua mafuriko yetu tukayasukuma yakawa ya wenzetu, kwa pesa yetu wenyewe, na kwa nia njema kabisa.

Baada ya hapo kikundi kilikaribia kuvunjika. Wengine walitaka pesa zao, wengine walisema tuchimbe zaidi, tujenge kuta za matairi. Ikaja barua ya kutusimamisha kutoka ofisi moja ya umma, kwa haki kabisa, kwa kuwa tulikuwa tumegusa mto bila kibali. Halafu ikaja 2020 na korona, vikao vikafa.

Aliyetufungua macho kwanza ni binti wa jirani yangu, mhandisi wa maji, aliyerudi nyumbani likizo. Alitembea nami kingoni akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: "Shangazi, kabla ya nyumba hizi, mvua kubwa ikinyesha maji yalikuwa yanakaa wapi?" Sikujua. Akanieleza kwamba mto wa tambarare si mkondo peke yake. Mkondo ni sehemu ya maji ya kila siku, na bonde la pembeni ni sehemu ya maji ya siku za mvua kubwa. Yakitanda humo yanapungua nguvu, yanaacha tope lake, mengine yananywewa na ardhi, mengine yanarudi mtoni taratibu. Mapindo yana kazi hiyohiyo ya kuchelewesha. Ukinyoosha mto unafupisha njia, mteremko unakuwa mkali, maji yanakimbia na kula kingo. Na ukiweka tuta pembeni unaufungia mlango wa bonde lake.

Akanitolea mfano wa mto Kissimmee, jimbo la Florida kule Marekani. Kati ya 1962 na 1971 waliunyoosha kwa ajili ya kuzuia mafuriko, kilomita 166 za mto unaojipinda zikawa mfereji wa kilomita 90. Bonde likakauka, ndege wa majini wakatoweka kwa wingi. Ikabidi waanze kuufukia tena mfereji ule kuanzia 1999 ili mto urudi kwenye njia zake, na kazi ikakamilika 2021. Miaka tisa ya kunyoosha, zaidi ya ishirini ya kupinda upya. Nilipomsikiliza nililia, na sijui kama yeye alielewa kwa nini.

Wa pili ni yule mzee wa mchicha. Amelima pale bondeni tangu miaka ya themanini. Sisi tulikuwa tunamwona kama mvamizi, na siku ya kijiko tulifukia matuta yake manne kwa udongo wetu bila hata salamu. Nilipokwenda kumwomba radhi, 2021, alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Nimekuelewa, mwanangu. Njoo nikuonyeshe." Akachukua panga lake. Tukatembea hatua kama thelathini kutoka kwenye mkondo, upande ambao mimi niliujua kama uwanja mkavu wa kuchomea taka. Akapiga magoti, akachoma panga ardhini, akalizungusha na kulichomoa. Kwenye ubavu wa panga kulikuwa na mchanga mwekundu juu, kisha, kama shibiri mbili chini, tope jeusi tii lenye harufu ya matete yaliyooza. Akalipangusa kwa kidole gumba akanipakia kiganjani. Lilikuwa laini kama unga wa ulezi uliokandwa. "Haya hayakuletwa na mvua ya mwaka mmoja," akasema. "Hapa ndipo mto ulikuwa unalala. Mto una malalo yake kama ng'ombe. Ukiyafunga, utalala kwako."

Tulichoma panga sehemu kumi na moja siku ile. Penye tope jeusi nikaweka jiwe. Tulipomaliza, mawe yalikuwa yamejipanga nusu duara safi kabisa, pindo la zamani la mto lililozibwa na vifusi na taka kwa miaka, na mwisho wake kulikuwa na mkuyu mkubwa ambao siku zote nilijiuliza umefikaje pale peke yake. Nikachora kila kitu nyuma ya kalenda ya ukutani. Kalenda ile ndiyo iliyokuwa mchoro wetu wa kwanza.

Mtu akiniuliza leo aanzie wapi, namwambia aanzie hapo. Asianze na miche wala kijiko. Atafute wazee na wakulima wa bondeni, awaulize maji yalikuwa yanalala wapi, na achome ardhi aone mwenyewe. Aende pia nyumba kwa nyumba apime alama za tope ukutani, zile za mafuriko ya 2011, za 2018. Tulizipima kwa ule mpira mweupe wa maji ambao mafundi ujenzi hutumia kupata levo. Haukutugharimu kitu, fundi wa mtaani alituazima na kijana wake, na kwa siku mbili tukajua usawa wa kila sehemu ya bonde kwa tofauti ya vidole vichache. Tuligundua kwamba uwanja wa taka ungeshushwa nusu mita tu, maji yangeingia humo kabla hayajaingia kwenye nyumba yoyote.

Lakini malalo yale yalikuwa na watu. Wakulima sita wa mchicha na matembele, vijana wanaochota mchanga na kuupeleka kwa guta, na kwenye ukingo wake, vyumba. Viwili kati ya vyumba hivyo vilikuwa vyangu. Nilivijenga 2009 kwa pesa ya mirathi ya marehemu mume wangu na nilikuwa napata shilingi 60,000 kwa mwezi kwa kila kimoja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Vyangu vilikuwa mita 14. Nilikuwa najua. Mwishoni mwa 2015, nyumba zilipopakwa alama nyekundu za X na kuvunjwa kule bonde la Msimbazi, nilisali isifike kwetu, na haikufika. Sasa nilikuwa mbele ya kikao nikiwaomba wakulima waondoke wakati vyumba vyangu vimesimama. Kijana mmoja wa mchanga akaniuliza mbele ya watu wote, nami sikuwa na la kusema isipokuwa kwamba nitavivunja. Nilivivunja Julai 2022. Nilimlipa mpangaji mmoja miezi mitatu ili ajitafutie mahali, mwingine aliondoka na hasira na hatusalimiani mpaka leo. Naandika hili kwa uzito wake: ada za wanangu zilikuwa zinatoka kwenye vyumba vile. Bado najibana. Ila baada ya siku ile hakuna mkulima aliyekataa kukaa nasi mezani.

Na wakulima hawakuondoka kabisa. Tulikubaliana hivi: kiangazi wanalima upande wa juu wa malalo, masika wanayaacha. Mchicha unavunwa ndani ya mwezi mmoja hivi, kwa hiyo wanaweza kupanga. Kila mmoja tulimlipa shilingi 200,000 za msimu wa kwanza alioukosa. Tungekaa nao mwaka 2018 tungeokoa miaka minne. Pia nawaomba wenzangu msifiche suala la maji machafu. Mboga za bonde zikimwagiliwa na mto uliopokea vyoo na maji ya viwandani zinabeba madhara, na mzee alikuwa analijua hilo kuliko sisi. Tulichanga tukamchimbia kisima kifupi pembeni, mbali na mkondo.

Kuhusu vibali, ofisi inayosimamia maji ya mito yetu ni ya Bonde la Wami/Ruvu, na pia unapitia mtendaji wa mtaa, kata na afisa mazingira wa manispaa. Ili kuchimba tulihitaji pia ushauri wa NEMC, lile baraza la taifa la mazingira. Sisi ilituchukua miezi saba, kwa makosa yetu: mchoro wa kalenda haukuwa na vipimo, tukarudishwa, tulipoleta vipimo hatukuwa na saini za wakazi wa chini, tukarudishwa tena. Yule mama wa godoro ndiye aliyetembeza karatasi ya saini upande wao. Sikumwomba. Aliikuta mezani kwa mjumbe akaichukua.

Kazi yenyewe ilifanyika Septemba 2022, kabla ya vuli. Kijiko siku nne kwa 800,000 kwa siku, mafuta juu yetu, na lori la kukileta na kukirudisha. Tuliondoa tuta lote. Tukashusha uwanja wa taka, eneo la mita 50 kwa 20, kwa wastani wa nusu mita. Ukingo wa upande ule tukaulaza: kila mita moja ya kushuka, mita tatu za kwenda mbele, hadi mtoto anaweza kuuteremka akikimbia. Mkondo ulionyooshwa hatukuweza kuupinda wote kama zamani, nyumba zimeshakaa. Tulirudisha pindo moja tu, na sehemu nyingine mbili tukapanga mawe makubwa upande mmoja, kisha upande wa pili, ili maji yayumbe. Malalo yakijaa mita moja yanachukua lita milioni moja. Kwa watu wa Dar naweza kulisema hivi: maboza mia moja ya lita elfu kumi, ambayo hayaendi kwa mama wa godoro kwa wakati mmoja.

Hapo tulifanya kosa jingine. Udongo uliochimbwa ulikuwa safari mia na ushee za tipa, na tulifurahi wanunuzi wa kifusi walipokuja kuubeba bure. Wiki mbili baadaye mtu akatuambia tipa kadhaa zilimwaga udongo ule Kigogo, kwenye kiwanja kilicho bondeni, mtu anajaza ili ajenge. Tulifungua malalo ya mto kwetu kwa kufunga malalo ya mto kwa wengine. Hilo halikurudishika. Kabla ya kumpa mtu kifusi, nenda naye mpaka anapomwaga.

Kijito chetu ni uzi mmoja katika kapu kubwa. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unasafiri kama kilomita 35, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani kabla ya kufika baharini karibu na daraja la Salenda. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na wengi waliopoteza nyumba walipelekwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilipitisha dola milioni 200 za mradi wa kuliendeleza bonde lile, na watu wa Jangwani wamehamishwa kwa ajili hiyo. Siku moja tulikwenda kikundi kizima hadi Salenda wakati maji ya bahari yametoka. Kwenye mizizi ya mikoko, ile inayochomoza topeni kama vidole, kulikuwa na vitambaa vya rangirangi vimejisokota. Tulivitambua. Ni mabaki ya cherehani za mtaani kwetu.

Kwa mimea, hesabu yetu ya pili ilikuwa tofauti kabisa. Kwenye ukingo uliolazwa tulipanda nyasi za vetiva, mashina 4,000, umbali wa shibiri kasoro kati ya shina na shina, kwa mistari inayofuata usawa wa maji, tukapanda mwanzoni mwa vuli ili yapate mvua nyepesi kabla ya masika. Kwenye malalo hatukupanda karibu chochote. Mzee alileta viroba vitatu vya mizizi ya matete kutoka upande wa pili, akaichomeka pembezoni, akasema ndago zitakuja zenyewe. Zilikuja. Juu zaidi tukaweka mizambarau, vijiti vya mkuyu vilivyokatwa kwenye ule mkuyu mkubwa, na mitomondo ambayo mbegu zake tuliletewa kutoka Rufiji. Mitomondo ilikaa mwaka mzima bila kuonyesha kitu, tukadhani imekufa. Sasa inanifika begani.

Malalamiko yalikuja. Mbu, nyoka, vibaka kujificha kwenye matete. Ya mbu ni ya haki na msiyapuuze. Mbu anahitaji kama wiki moja hadi mbili kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo sehemu ya chini kabisa ya malalo tuliipa mdomo mdogo wa kurudisha maji mtoni, yaishe kabla ya siku tano. Mwanzo mdomo ulikuwa juu mno, dimbwi likabaki, tukaushusha kwa majembe kimo cha tofali. Matete tunayafyeka kwa zamu, nusu mwaka huu na nusu mwaka ujao, usifyeke yote kwa mara moja, ndege wanaotaga humo wanapoteza kila kitu. Wanaofyeka wanauza kwa wasuka mikeka na wajenga mabanda.

Jumla ya pesa za awamu ya pili ni shilingi 9,000,000, nje ya vyumba vyangu.

Vuli ya 2023, ile ya El Niño, ndiyo iliyotupima. Usiku wa mvua kubwa ya kwanza hakuna aliyelala. Saa nane nilikuwa barazani na tochi, maji yakija juu, nikiyasikia yakifika kwenye ukingo uliolazwa. Sauti ikabadilika. Badala ya ule muungurumo, ilikuwa kama mtu anamimina mchele kwenye ungo mpana. Yalikuwa yanaingia kwenye malalo. Nilimulika nikaona matete yamelala yote upande mmoja, na maji meusi yakitanda katikati yake bila haraka. Kwangu yalifika ngazi ya pili ya baraza yakasimama. Siku ya nne malalo yalikuwa yametoa maji, yameacha tope jipya unene wa kidole na chupa za plastiki zisizohesabika.

Sitaki kumdanganya mtu. Nyumba mbili za chini ziliingiwa na maji hata hivyo, ingawa ya kifundo cha mguu. Mita kama kumi za vetiva zilisombwa mahali ambapo vijana waliendelea kuchimba mchanga usiku. Aprili 2024 mvua zilirudi, maji yakapanda zaidi kidogo. Vyoo vinaendelea kutapishwa huko juu, na kwa hilo malalo hayana dawa. Tunahitaji vyoo vinavyonyonywa kwa bei ambayo mpangaji anaimudu. Taka tunazizuia kwa chujio la nondo tulilochomelea, kila Jumamosi tunatoa viroba ishirini hadi thelathini, na ukiacha wiki mbili linageuka bwawa lenyewe.

Ila yangeyange wamerudi, wanatembea kwenye tope asubuhi. Mdiria mmoja anakaa kwenye waya wa umeme juu ya pindo. Watoto wamevua kambale, niliwakataza kumla nikawaruhusu kumtazama kwenye beseni kabla ya kumrudisha. Na siku hizi hata makonda wa daladala nikiwasikia wakiita kituo, wanasema mtoni.

Mwezi uliopita mwenyekiti wa mtaa wa juu yetu alinijia nyumbani na wajumbe watatu. Wamechanga milioni nne, wanataka kunyoosha sehemu yao, wakaja kuuliza dereva wa kijiko tuliyemtumia alikuwa nani. Niliwachemshia chai. Nikampigia mzee simu, akaja na panga lake na koti la mvua. Tulikwenda nao mpaka kwao, wakatuonyesha uwanja wa mpira wa watoto unaokaa maji kila masika, ambao walipanga kuumwagia udongo wa kuchimba. Mzee akapiga magoti golini. Panga lilipotoka hakuna aliyehitaji kuambiwa lile tope jeusi ni nini. Mwenyekiti alisimama kwa muda mrefu, mikono kiunoni, kisha akamgeukia mhazini wake kumuuliza kama malipo ya nusu ya kijiko yalikuwa yameshakwenda. Yalikuwa yamekwenda tangu Ijumaa, shilingi 1,500,000. Alimpigia dereva palepale kumwambia asije Jumatatu. Pesa hajarudishiwa bado.